Mafuta mazito kwenye bili yako ya stima: tuelewane kabla ya kubishana

1/ Bili ya stima ikipanda, mjadala ni ule ule. Mmoja anaahidi, "Nitazima jenereta zote za mafuta siku ya kwanza!" Mwingine anajibu, "Mtakaa gizani!" Mimi simpigii debe yeyote. Nataka tujue tunachobishania.

2/ Mafuta mazito ni nini? Mafuta ghafi yakisafishwa, hutoka gesi, petroli, mafuta ya taa na dizeli. Yale masalio meusi yanayobaki chini, mazito karibu kama lami, ndiyo haya. Yakiwa baridi hayasukumiki, lazima yapashwe moto kwanza. Kwa kawaida ni rahisi kuliko dizeli, ndio maana yana wateja.

3/ Wateja ni nani? Meli kubwa za mizigo. Viwanda vyenye boila na matanuri. Halafu jenereta kubwa za stima: Kipevu na Rabai huko Pwani, Thika na Athi River huku bara.

4/ Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta 2013. Kwa hivyo haya yananunuliwa nje, kwa dola. Na ile bei EPRA hutangaza kila tarehe 14 ni ya petroli, dizeli na mafuta ya taa pekee. Mafuta mazito hayamo.

5/ Sasa mbona tusizime tu? Kwa sababu tunatumia stima nyingi zaidi jioni, kila mtu akiwa amerudi nyumbani. Saa hiyo jua limezama. Upepo wa Turkana hauamrishwi. Mvuke wa Olkaria unatoa kiasi kile kile mchana na usiku. Mvua ikikosa, mabwawa ya Tana nayo yanapungua. Jenereta unaiwasha ukiitaka.

6/ Hapa ndipo wanasiasa hutuchanganya. Jenereta ya kampuni binafsi inalipwa mara mbili. Kuna pesa za mafuta yaliyochomwa: hizo unaziona kwenye bili kama gharama ya mafuta, na hubadilika kila mwezi. Halafu kuna pesa za kuwa tayari: hizo zinalipwa hata mtambo ukilala, na zimefichwa ndani ya bei ya kawaida ya stima.

7/ Kwa hivyo ukizima jenereta leo, ile ya kwanza inashuka. Ya pili inabaki mpaka mkataba uishe au ujadiliwe upya. Anayekuahidi bili nusu kwa kuzima swichi amekuambia nusu ya hesabu.

8/ Na moshi je? Mafuta haya yana salfa nyingi. Kuanzia 1 Januari 2020, meli duniani zilishushiwa kiwango kutoka 3.5% hadi 0.5%, isipokuwa zenye mtambo wa kusafisha moshi. Sheria hiyo ni ya baharini. Jenereta iliyo karibu na nyumba za watu haiguswi nayo, hiyo ni kazi ya sheria zetu wenyewe.

9/ Akija kuomba kura, muulize haya matatu: Mkataba gani unaisha lini? Jioni utaweka nini mahali pa jenereta? Na nani anapima moshi wake?

Akijibu yote, msikilize. Akianza kupiga kelele, umeshapata jibu. Haya, tuendelee hapo chini, lakini kwa heshima.