Kuegesha gari: Kwa nini urudi nyuma unapoingia

SWALI la iwapo dereva aingie kwenye maegesho kwa mbele au kinyumenyume huonekana dogo, lakini katika mji kama Sumbawanga linagusa uhai wa wapita njia.

Kwa kawaida, gari linaloegeshwa kando ya jengo hulazimika kurudi nyuma mara moja: ama wakati wa kuingia, ama wakati wa kutoka. Dereva anayefika ameshaipita nafasi hiyo na kuona kuwa haina mtu. Anayetoka kinyumenyume hutanguliza nyuma ya gari barabarani kabla yeye mwenyewe hajaona kinachokuja.

Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, mwendo umekuwa wa kasi kuliko enzi za vumbi na tope. Kandokando hupita bodaboda, baiskeli na watoto wafupi wasioonekana kwenye kioo cha ndani.

Hata hivyo, penye mistari ya mshazari inayofuata mwelekeo wa magari, ingia kwa mbele. Fanya vivyo hivyo sokoni, iwapo magunia ya mahindi yatapakiwa kwa nyuma.

Kwa vyovyote vile, anayerudi nyuma aende taratibu, ageuze kichwa pande zote bila kutegemea vioo pekee, na amwombe utingo au abiria ashuke kumwelekeza. Dakika moja ya subira ni nafuu kuliko maisha ya mtoto aliyesimama nyuma ya gari.