Ndege wa kaskazi kisiwani Pate: funga mkoba wa dawa kabla ya darubini

Ifikapo Novemba kliniki yangu hujaa wazazi wanaotaka ushauri kabla ya kuwapeleka watoto pwani. Wengi huenda Mombasa au Malindi. Mwaka huu baba mmoja aliniambia anataka kuipeleka familia yake Pate, kutazama ndege. Alidhani nitamcheka. Kumbe nami nimekwisha kwenda huko na mke wangu na watoto wetu wawili kwa kazi hiyo hiyo, na nilirudi na funzo ambalo nitakusimulia hapa chini bila kuficha aibu yangu.

Kwanza ndege wenyewe. Wakati Ulaya na Siberia zimeganda kwa baridi, ndege wa huko hukosa chakula, na maelfu yao huteremka hadi fukwe zetu. Kuanzia Agosti hadi Aprili utawaona vitwitwi wa kila aina wakidonoa matope, na sululu wenye midomo iliyopinda. Wako wadogo kuliko kiganja chako ambao wametoka ukingo wa Aktiki. Anayewapendeza watoto zaidi ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa. Huyu huzalia pande za Somalia, Bara Arabu na Ghuba, na kinyume na jamaa zake wa ufukweni, huchimba shimo mchangani na kutaga ndani yake yai moja. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua miezi hii ukiwa na watoto.

Wageni wengi hukosea saa. Ndege hawa hula maji yakipwa, lakini yakipwa sana wanakuwa mbali, huoni ila vidoa. Maji yanapojaa ndipo huwasukuma karibu nawe. Katika pwani yetu siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa kama saa nne asubuhi. Ukitoka saa nne basi utapata jua kali bila ndege. Lakini kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya nne hadi ya sita baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, jua likiwa bado la huruma. Panga likizo yako kwa mwezi wa angani kabla ya kuangalia kalenda ya ukutani. Hesabu ya siku yenyewe mwachie nahodha; anaijua kuliko mimi na wewe.

Maji hayo hayo ndiyo yanayoamua kama utafika hospitali. Boti za kutoka Lamu hupita mlango mwembamba wa Mkanda, na maji yakipwa hapapitiki kwa urahisi. Nilijua jambo hili, lakini sikulitia maanani.

Binti yangu ana pumu. Alikuwa na miaka 7 wakati huo, na hakuwa ameshikwa kwa miezi minane. Tulipohama kutoka nyumba ya wageni Lamu, mkoba wenye pampu yake ulibaki nyuma ya mlango. Mimi, daktari, ndiye niliyeufunga na ndiye niliyeusahau. Jioni ya pili mjini Pate wenyeji wetu walitukirimu kwa wali na samaki, kisha bibi wa nyumba akafukiza udi chumba kizima, kama ilivyo heshima ya pwani kwa mgeni. Saa tano usiku mtoto alikuwa ameketi kitandani, mabega yamepanda, hawezi kumaliza sentensi. Nilimwendea nahodha. Akanitazama, akasema, “Daktari, boti imekaa mchangani. Hadi alfajiri.”

Yule bibi, aliyekuwa akilia akidhani ametuua, alimtuma mjukuu wake kwa muuguzi wa zahanati. Alifika na taa mkononi na pampu ya salbutamoli mfukoni. Mtoto mwenye hofu hawezi kuivuta pampu vizuri, kwa hiyo tulichukua chupa ya plastiki ya nusu lita, tukakata kitakoni tundu la kutosha mdomo wa pampu, tukaziba kwa plasta. Binti akaweka mdomo wa chupa kinywani. Mpulizo mmoja, avute pumzi tano au sita, kisha mpulizo mwingine. Tulifika minane. Baada ya robo saa aliniuliza kama ndege nao hulala usiku.

Chupa hiyo si mchezo. Ni njia inayotambuliwa na kila mzazi wa mtoto mwenye pumu aijue. Ikiwa baada ya mipulizo kumi hakuna nafuu, mtoto apelekwe hospitali bila kungoja. Faza ipo hospitali kisiwani humo humo, na pikipiki haingoji maji kujaa. Hospitali kubwa iko Lamu, ng'ambo ya bahari. Uliza mambo haya siku unayofika. Dawa za kila siku, ziwe za pumu, kisukari au shinikizo la damu, ziweke mafungu mawili katika mikoba miwili tofauti.

Sasa mbu. Mkazi wa Nairobi hana kinga ya malaria ya kujivunia, hata kama alizaliwa pwani. Klorokwini iliachwa nchini tangu 1998, kwa hiyo usiniletee vidonge vya babu. Dawa ya kujikinga uandikiwe na daktari: doksisaiklini, kwa mfano, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 8 wala mama mjamzito, na humezwa hadi wiki nne baada ya kurudi. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa. Lakini chandarua hakikukingi na mbu wa mchana. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, na upimaji wa damu baadaye ulionyesha kuwa kama watu watatu kati ya wanne walikuwa wameambukizwa. Jina hilo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na aliyewahi kuumwa viungo vyake anajua kwa nini. Mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyowekwa nyumbani, na visiwani maji ya mvua hutunzwa kwa sababu visima vingi vina chumvi. Vaeni mikono mirefu na mpake dawa ya mbu. Homa ikija, pimeni. Tuliza kwa parasetamoli, usitumie aspirini wala ibuprofeni kabla ya kujua kama si dengi.

Maji ya kunywa, hata ya jabia, yachemshwe au yatiwe klorini. Mtoto akiharisha, pakiti ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu.

Vaeni viatu vya mpira kwenye matope ya mikoko, kwani kombe hukata kama wembe. Aliyechomwa na mwiba wa taa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiyapima kwanza kwa mkono wako. Kisha aende hospitali. Katika boti, kila mtoto na jaketi lake. Ndege aliyekufa asiguswe. Mafua ya ndege yaliwahi kuthibitishwa Uganda, Januari 2017. Na mwambie mwanao asielekeze kamwe darubini kwenye jua, kwa sababu jicho huungua papo hapo.

Kabla ya kukata tiketi, uliza mamlaka za Lamu kuhusu hali ya usalama. Mavazi yawe ya heshima. Na kama una mgonjwa wa pumu, mwambie mwenyeji wako mapema kuhusu udi. Bibi yetu alichukia sana kwamba hatukumwambia.