Si Utundu, Wala Si Pepo: Tumsaidie Shuleni Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Tourette



Wapendwa waamini, katika shule zetu za Lushoto, kama kwingineko, yumkini yumo mtoto anayepepesa macho bila kukoma, anayetikisa kichwa ghafla, au anayeguna na kukohoakohoa darasani ilhali hana mafua. Mwalimu humwona mtundu anayetaka kuwachekesha wenzake. Nyumbani hukatazwa, na katazo lisipofaa, majirani hunong'ona kwamba amerogwa au amepandwa na pepo. Hivyo mtoto mmoja hubebeshwa hukumu mbili, na huenda hakuna hata moja iliyo ya kweli.

Huenda mtoto huyo ana ugonjwa wa Tourette, unaotamkwa "Turet". Jina hilo latokana na daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, ambaye mwaka 1885 aliandika habari za wagonjwa tisa wenye dalili za namna hiyo. Ni hitilafu katika jinsi ubongo unavyoongoza mijongeo ya mwili na sauti. Daktari huutambua pale mtoto anapokuwa na mijongeo kadhaa isiyo ya hiari pamoja na angalau sauti moja ya namna hiyo, kwa muda unaozidi mwaka mmoja, bila sababu nyingine ya kitabibu. Aghalabu dalili huanza kati ya umri wa miaka 5 na 7, huzidi karibu na miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua kadiri wanavyokua. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Ugonjwa huu hauambukizi, wala haupunguzi akili. Walio wachache hutamka matusi pasipo kukusudia. Wengi hawafanyi hivyo kamwe.

Ni vyema tuelewe jambo moja linalowapotosha watu wengi. Mtoto huyu aweza kujizuia kwa kitambo, kama mtu anavyozuia chafya. Ndiyo maana husemwa: "Mbona mbele ya mwalimu mkuu alitulia?" Alitulia kwa kutumia nguvu zake zote, na katika kujizuia huko hakusikia somo. Akiisha kutoka, yale aliyoyazuia humtoka, pengine kwa wingi zaidi. Uchovu, hofu na kutazamwa na watu huzidisha dalili. Kumgombeza, basi, ni kuzichochea.

Hapa mafundisho ya Kanisa yanatusaidia sana. Watoto wanaojiandaa kwa Kitubio huwafundisha kwamba dhambi ya mauti yahitaji mambo matatu: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Palipokosekana ridhaa, hatuwezi kumhesabia mtu kosa kana kwamba alilichagua. Kanuni hiyo haikomi kwenye kiti cha maungamo. Kama padre hamhesabii mtu dhambi kwa jambo lisilotoka katika hiari yake, mwalimu na mzazi nao hawana haki ya kumwadhibu mtoto kwa mjongeo ambao hakuuchagua. Hakuna anayemchapa mtu kwa sababu ya kwikwi.

Kuhusu mapepo, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inafundisha kwamba kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba jambo lililopo si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ni kazi ya tiba. Ibada hiyo yenyewe hufanywa na padre aliyepewa ruhusa na askofu. Kumwombea mtoto mgonjwa ni tendo jema la upendo. Lakini kumshika kwa nguvu, kumfungisha, au kumpeleka kwa mganga ili "atolewe kitu" ni kumwongezea jeraha. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipotafuta ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Bwana alilikataa swali lao.

Serikali nayo imeweka mipaka. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni huruhusu adhabu hiyo kwa makosa mazito tu, isizidi viboko vinne, na itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kuguna darasani si kosa zito, na kwa mtoto huyu si kosa kabisa. Aidha, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu.

Mwalimu afanye nini? Kwanza, aipuuze mijongeo na sauti, aendelee kufundisha. Pili, amketishe mtoto mahali ambapo hatazamwi na darasa zima. Tatu, wakubaliane ishara ya kimya ya kutoka nje dakika chache, bila kuomba ruhusa mbele ya wote. Nne, kama mikono yake humkwamisha katika kuandika, amwongezee muda au ampime kwa mdomo. Tano, kwa ridhaa ya mtoto na wazazi, awaeleze wanafunzi ukweli kwa maneno machache. Kejeli nyingi hutokana na kutojua. Awe macho pia, kwa maana watoto wengi wa namna hii huwa na shida ya kutulia na kuzingatia, au mawazo yanayowasumbua bila kukoma, na mara nyingi hayo huharibu masomo kuliko mijongeo yenyewe.

Wazazi, mpelekeni mtoto hospitali ya wilaya, naye akihitaji rufaa apelekwe Bombo, Tanga. Andikeni dalili na siku zilipoanza, mkazionyeshe kwa daktari. Yapo mazoezi ya kumsaidia, na zipo dawa kwa wale wanaohitaji.

Milima yetu ya Usambara si migeni katika huduma ya namna hii. Ndugu zetu wa Kanisa la Kilutheri wamewatunza wagonjwa wa akili pale Lutindi tangu mwanzoni mwa karne ya 20; huko Irente wana shule ya wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili; na chuo kikuu walichokianzisha Magamba mwaka 2007 kiliandaa walimu wa elimu maalumu. Mtoto mwenye Tourette hahitaji kutengwa katika shule ya peke yake. Mahali pake ni darasa lile lile la wenzake, akiwa na mwalimu anayeelewa. Walimu wakuu, ikiwemo wa shule zetu za Kikatoliki, waombeni walimu wa elimu maalumu walio karibu nanyi waje kuzungumza na walimu wote.

Nasi parokiani tuanze Dominika hii. Mtoto akiguna wakati wa mageuzo, tusigeuke kumtazama, wala mama yake asilazimike kumtoa nje. Katekista asimwahirishie Komunyo ya Kwanza kwa sababu hiyo. Mwenye mtoto wa namna hii na afike kwa paroko. Tutamsindikiza shuleni kuzungumza na mwalimu.