Sauti ni Zetu, Maneno ni ya Nani?

Muhula uliopita wanafunzi sita wa Kidato cha Nne tulishika kazi moja iliyotupa furaha, kisha ikatutia mashakani. Napenda kuieleza hapa ili wengine wasijikwae pale tulipojikwaa sisi.

Mwenzetu mmoja wa bweni ana macho dhaifu. Maandishi madogo ya riwaya ya mtihani hawezi kuyafuata kwa muda mrefu. Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni tulikaa maktaba, tukaisoma riwaya hiyo kwa zamu, huyu sura hii, yule sura ile, na Mwalimu wa Kiswahili akatunasa kwa simu yake. Baada ya majuma saba kitabu kizima kilikwisha. Mwenzetu alisikiliza, na katika jaribio alinipita alama mimi niliyesoma!

Ndipo nikatoa shauri: tuiweke kazi yetu katika intaneti, kila shule ifaidike. Wote wakapiga makofi. Mwalimu wa maktaba hakupiga. Aliuliza neno moja tu: "Mtungaji yu hai. Mmemwuliza?" Nilijibu kwa ujuvi kwamba sauti ni zetu na hatutozi hata senti. Akanipa sheria nikaisome.

Haya ndiyo niliyoyaona. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, yampa mtungaji haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki hiyo si ya kupiga chapa tu. Kuinasa kazi kwa sauti ni kutoa nakala yake, na kuisambaza kwa watu kwataka idhini pia. Sisi wasomaji nasi tuna haki juu ya usomaji wetu, iitwayo hakishiriki, lakini haiifuti ile ya mtungaji. Aliyepika ugali kwa unga wa jirani hawezi kudai unga ni wake kwa kuwa kuni zilikuwa zake.

Je, hakuna ruhusa yo yote? Ipo. Sheria yamwachia mtu kujitolea nakala kwa matumizi yake mwenyewe, kunukuu kwa kiasi cha haki, na kutumia kazi kwa mifano ya kufundishia, mradi mtungaji atajwe. Marekani nako kuna kanuni ya matumizi ya haki, iliyo katika sheria yao ya mwaka 1976. Hakimu wa huko hutazama mambo manne: kazi yatumiwa kwa kusudi gani, ni kazi ya namna gani, kimechukuliwa kiasi gani, na soko la mwenyewe limedhurika vipi. Nikajipima. Kusudi letu lilikuwa jema. Lakini riwaya ni kazi ya ubunifu, tulichukua yote, na asikiaye bure hana haja ya kununua.

Wasioona nao hawakusahauliwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, wataka nchi ziruhusu nakala za kuwafaa watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Lakini nakala hizo ni kwa ajili yao. Si mlango wa kila mtu kupita.

Kusoma kwa pamoja si kosa. Mwaka 2005 Hugh McGuire wa Montreal, Kanada, alianzisha LibriVox, ambamo watu wa kujitolea hugawana sura za kitabu na kuzisoma. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa cha Joseph Conrad, aliyefariki mwaka 1924. Huchagua vitabu ambavyo haki zake zimekwisha kwa sheria ya Marekani, ndipo huwagawia watu wote bure.

Nasi tumefuata njia hiyo. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa sheria yetu miaka 50 ilitimia mwisho wa mwaka 2012. Sasa twasoma Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Dibaji za watu wengine twaziruka, maana watungaji wake ni wengine. Nchi nyingine zina hesabu tofauti za miaka, kwa hiyo hatutakiweka katika intaneti kabla ya kuuliza Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA.

Ile riwaya yetu ya kwanza imebaki kwa mwalimu, kwa ajili ya mwenzetu peke yake. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu wameniomba waisikie, iliniuma kuwakatalia. Tumemwandikia mchapishaji barua ya kuomba idhini, na jibu bado hatujapata. Huenda hapo kwetu, katika kijiji fulani, mtungaji yule yuasomesha wanawe kwa vitabu hivyo. Ndugu zangu, tusome kwa sauti, tusomeane, ila kwanza tubishe hodi.