Diski Mapacha Haziokoi Faili Lililofutwa

Mtu anaponunua diski mbili za ukubwa mmoja na kuzifunga ndani ya kompyuta yake ya mezani, ili kila kinachoandikwa kwenye hii kiandikwe papo hapo kwenye ile, huamini kwamba picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu ya mwanawe sasa viko salama. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Mpango huo, ambao wataalamu huuita RAID 1 na hapa nitauita diski mapacha, humkinga mtu na janga moja tu, nalo ni kufa kwa diski moja. Kwa hiyo nasema kwamba kwa kompyuta ya nyumbani, fedha ya diski ya pili inunue kwanza nakala ya akiba inayokaa nje ya kompyuta. Upacha uje baadaye, kwa mwenye sababu ya kuuhitaji.

Si kwamba janga hilo moja ni dogo. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipopendekeza kuunganisha diski nyingi za bei nafuu badala ya kutegemea moja kubwa ya gharama, walijua kwamba diski zikiwa nyingi, siku ya moja kufa huwa karibu zaidi. Ndiyo maana walisisitiza kuwepo kwa data ya ziada. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichunguza diski zaidi ya 100,000 na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu ambazo diski hujiripotia yenyewe. Mwaka huohuo Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kwamba diski zilizobadilishwa kwa mwaka mara nyingi zilikuwa asilimia 2 hadi 4, ilhali takwimu za watengenezaji ziliashiria isiyozidi asilimia 0.88. Basi diski hufa, tena bila kubisha hodi. Iliyo na pacha ikifa asubuhi, mwenye kompyuta huendelea na kazi hadi jioni bila kupoteza hata ukurasa.

Lakini tazama kinachotokea mtu anapofuta folda kimakosa: amri hutekelezwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyoagizwa kufanya. Programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry iliyosambaa duniani Mei 2017, nayo huyafunga mafaili ya pande zote mbili. Diski hizo zimo ndani ya kasha moja na hula umeme wa pawasaplai moja, hivyo mwizi huzibeba pamoja, na umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuziunguza pamoja. Hata moja ikifa peke yake, mbadala wake lazima ujazwe upya kutoka kwa iliyobaki. Diski ya terabaiti 4, kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya saa 7 za kusomwa mwanzo hadi mwisho, na muda wote huo haina mwenzake. Kama zote mbili zilitoka kiwandani katika shehena moja, zina umri mmoja na pengine kasoro moja.

Wapo watakaosema kwamba nakala ya akiba hungoja mtu akumbuke kuitengeneza, ilhali mapacha hayasahau. Ni hoja nzito, kwani mafaili mengi hupotea kwa uzembe huohuo. Hata hivyo, File History ya Windows na Time Machine ya Mac hufanya kazi hiyo zenyewe diski ya nje inapochomekwa, na hutunza matoleo ya siku zilizopita, jambo ambalo mapacha hayawezi. Kinachobaki kwa mtu ni kuichomoa diski kazi ikiisha, ili programu hasidi isiifikie. Wengine watasema kwamba wanafanyia kazi nyumbani na hawawezi kupoteza siku nzima wakirejesha mafaili. Hao wana haki ya kutaka mapacha, ila wajue kwamba wanahitaji diski tatu.

Kwao, ushauri wangu ni kuuacha mfumo endeshi wenyewe usimamie upacha, kwa md ya Linux au Storage Spaces ya Windows. Kadi maalumu ya kusimamia upacha ikiungua huenda ikakulazimu kutafuta nyingine ya aina ileile ndipo data isomeke, na upacha unaowashwa kwenye ubao mama hukufunga kwa mtengenezaji vilevile. Diski zinazosimamiwa na Linux hufunguka kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye Linux. ZFS na Btrfs huongeza namba ya uhakiki kwa kila kipande cha data, hivyo nakala mbili zikitofautiana mfumo hujua ipi ni sahihi. Mapacha ya kawaida hayana njia ya kujua. Epuka diski za aina ya SMR, ambazo mistari yake ya data hulaliana na huzorota zinapojazwa upya. Nunua za shehena tofauti, weka UPS, kisha washa taarifa za hitilafu. Kwenye Linux, mapacha mazima huonekana katika /proc/mdstat kama [UU]. Moja ikianguka, husomeka [U_]. Asiyeangalia alama hiyo anaweza kukaa miezi akitegemea diski moja huku akidhani ana mbili.

Mwenye fedha ya diski mbili, moja na iwe ya kazi na nyingine ya akiba. Akipata ya tatu, ndipo aunde mapacha. Na wiki hii, chukua faili moja kutoka kwenye nakala yako ya akiba ulifungue, kwa maana nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haihesabiki kuwa ipo.