DNA ikijikunja mraba, dawa inalala wapi?

Shuleni tulifundishwa DNA ni ngazi iliyosokotwa, basi. Ila sehemu zenye guanini nyingi zina vituko vyake: guanini nne hushikana kwa vifungo vya haidrojeni na kuunda mraba bapa, kisha miraba miwili mitatu hupangana kama chapati, na ioni za potasiamu hukaa katikati kuishikilia. Umbo hili ni G-kwadrupleksi. Mwaka 2013 kundi la Shankar Balasubramanian huko Cambridge liliionyesha ndani ya seli za binadamu, si kwenye mirija ya maabara tu.

Sasa angalia ncha za kromosomu zetu, ambako herufi TTAGGG hujirudia mara nyingi mno. Seli nyingi za saratani hurefusha ncha hizo kwa kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ndiyo maana hazichoki kugawanyika. Ncha ikijikunja, telomerasi inakosa pa kushika. Kwa hiyo wanakemia wanasaka molekuli ndogo iliyo bapa, ilale juu ya mraba wa mwisho na kuzuia mkunjo usifumuke. Telomestatini, inayotokana na bakteria wa Streptomyces, inaiweza kazi hiyo.

Shida iko wapi? Molekuli bapa hupenda pia kujipenyeza kati ya vidato vya DNA ya kawaida, hata kwenye seli zenye afya. Upana ndio unaookoa: mraba wa guanini nne ni mpana kuliko kidato cha herufi mbili. Na bado kuna jua! CX-5461 ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, baadhi yao ngozi iliathirika kwa mwanga, kwa sababu molekuli hiyo huufyonza.