Kidole Gumba na Fimbo: Asili ya Nahau ya Kiingereza “Rule of Thumb” na Asili Iliyobuniwa

Nahau ya Kiingereza “rule of thumb”, yaani “kanuni ya kidole gumba” ikifasiriwa neno kwa neno, humaanisha njia ya kukadiria inayotokana na uzoefu badala ya kipimo kamili. Kuhusu asili yake kumeenea maelezo ya kutisha: kwamba sheria ya kale ya Uingereza ilimruhusu mume kumchapa mkewe, mradi fimbo isizidi unene wa kidole gumba chake. Kwa sababu hiyo wapo wasemaji wanaoikwepa nahau yenyewe.

Ushahidi wa maandishi hauungi mkono maelezo hayo. Katika karne ya 17 nahau hii ilikuwa tayari ikitumika kwa maana ya kukadiria tu. Mwaka 1692 William Hope, katika kitabu chake cha mafunzo ya kupigana kwa upanga, aliitumia kumweleza mtu atendaye kwa mazoea pasipo ujuzi wa fani. Hamna mke wala fimbo katika matini hiyo. Kidole hapo ni kipimo, kama Waswahili walivyopima kwa wanda, shibiri na dhiraa.

Fimbo iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1782 ilivumishwa kwamba jaji Francis Buller ametamka kanuni hiyo, na James Gillray akamchora katika katuni akiuza fimbo. Hukumu yenyewe haijapata kuonekana. Hata hivyo, katika mashauri ya Mississippi mwaka 1824 na North Carolina mwaka 1868, unene wa kidole gumba ulitajwa, ijapokuwa nahau haikutumika.

Viwili hivyo vilikutanishwa katika miaka ya 1970, wanaharakati wa Marekani walipoandika kuhusu ukatili wa majumbani. Mwaka 1982 ripoti ya tume ya haki za kiraia ya nchi hiyo ikaibeba nahau katika jina lake. Kosa lilikuwa la etimolojia, wala si la kuusingizia ukatili wa sheria. William Blackstone alikwisha kuandika mwaka 1765 kwamba sheria ya zamani ilimpa mume haki ya kumrudi mkewe kwa kiasi. Kidole gumba tu ndicho hakimo.

Mfasiri aandikaye “kanuni ya kidole gumba” huhamisha maneno na kuiacha maana. “Kwa makisio ya uzoefu”, au hata “kupima kwa jicho”, hukaribia zaidi matumizi ya Hope.